Wembe hauoteshi ndevu, na kibano si rafiki yako

Wiki haipiti bila kusikia maneno yale yale: "Yaya, kosa langu ni kunyoa. Nilipitisha wembe kidevuni mara moja tu, tangu hapo ndevu zikashika kabisa." Na bamama waliokaa pembeni wanaitikia kwa kichwa kama vile wamesomewa amri. Imetosha. Leo naandika mara moja, ili anayeuliza tena nimtumie ukurasa huu.

Unywele unaouona juu ya ngozi umekwisha kufa. Hauna damu wala neva. Unatengenezwa ndani ya kifuko kilichozama milimita kadhaa chini ya ngozi, na wembe haufiki huko. Kifuko hakina namna ya kujua kwamba juu kumekatwa. Jambo hili si jipya: mwaka 1928 Mildred Trotter, mtaalamu wa anatomia wa Marekani, aliwafuatilia wanaume wanne wakinyoa, akapima unene na kasi ya kuota. Kunyoa hakukubadilisha kitu. Mwaka 1970 wengine walirudia kwa vijana watano, mguu mmoja ukinyolewa kila wiki kwa miezi, mwingine ukiachwa. Miguu ikabaki sawa.

Sasa mbona unapapasa kidevu unasikia miiba? Kwa sababu unywele ambao haujawahi kukatwa una ncha nyembamba, kama tete. Ukiukata katikati, unaobaki una kichwa butu, mfupi, mgumu, hauinami. Ni unene ule ule uliokuwepo, ila sasa unaugusa kwenye shina badala ya kwenye ncha. Pia ni mweusi zaidi, kwa kuwa jua na sabuni bado havijaupausha.

Hayo wengi wanayakubali. Kinachonikera ni jibu linalofuata: "Lakini mimi zimeongezeka kweli, nilizihesabu." Ndiyo, mama, zimeongezeka. Sikatai hesabu yako, nakataa sababu yako. Hakuna mwanamke anayeamka asubuhi na kunyoa kidevu kisicho na kitu. Anashika wembe siku alipoona nywele mbili tatu nene, na hizo mbili tatu ndizo za kwanza kuitika homoni. Androjeni, zile homoni ambazo wanaume wanazo nyingi na sisi kidogo, hubadilisha malaika, yaani nywele laini zisizoonekana, kuwa nywele nene nyeusi. Kazi hiyo inakwenda polepole, miezi na miaka, kifuko kimoja kimoja. Ungenyoa, ungeacha, ungefunga kitambaa, baada ya mwaka zingekuwa nyingi vilevile. Msichana wa miaka 14 anayeanza kunyoa makwapa naye ni hivyo hivyo: mwili ulikuwa njiani tayari.

Ningenyamaza kama hadithi hii isingeumiza mtu. Lakini inaumiza, kwa sababu anayeogopa wembe anakimbilia kibano, ile pinse ya nyusi, na kwa ngozi yetu hapo ndipo shida inapoanza. Nywele zetu zimejikunja tangu ndani ya kifuko. Ukiung'oa unywele, mara nyingi unakatikia chini ya ngozi, na hata ukitoka mzima, unaofuata unaota na ncha kali, unajikunja kabla ya kutoka, unatoboa ukuta wa kifuko. Mwili unauona kama mwiba. Kipele kinavimba, unakiminya, unachimba na pinse ile ile, kinabaki alama nyeusi inayokaa miezi. Wembe nao unaweza kuleta vipele, hasa ukinyoa mpaka ngozi ikawa laini kabisa: unywele unatoka kidogo kisha unarudi kuchoma ngozi kutoka nje. Sisemi wembe ni malaika. Nasema hauongezi hata unywele mmoja, na ukitumiwa vizuri unaharibu kidevu kidogo kuliko kibano.

Kisha alama nyeusi zinampeleka mtu sokoni, Kadutu ya Bukavu au kwingine, kununua krimu ya kung'arisha. Nyingi zina klobetasoli au betametasoni, dawa kali za jamii ya kotizoni. Wiki mbili uso unang'aa, kila mtu anasifu. Ngozi inakuwa nyembamba, chunusi zinatoka, na mahali unapopaka panaota nywele. Ndiyo, umesoma vizuri: krimu unayopaka kuficha alama za ndevu inaweza kuotesha ndevu. Hapo unang'oa zaidi, unapaka zaidi. Soma tubu kabla ya kulipa. Ukiona clobetasol, betamethasone au fluocinonide, rudisha. Isiyoandika viungo vyake usiiguse. Na kama umeipaka miezi mingi, usiikate ghafla, uso unaweza kuwaka moto. Muone daktari akupunguzie. Vidonge vya kunenepesha vyenye deksametasoni viko kundi hilo hilo, tena hivyo vinazunguka mwili mzima.

Kunyoa kwenyewe ni rahisi. Maji ya vuguvugu dakika tatu mpaka tano, sabuni yenye povu zito au jeli, wembe mpya. Fuata nywele zinakoelekea. Usivute ngozi, usirudie rudie palepale. Makwapani nywele zinaelekea pande tofauti, kwa hiyo badilisha mwelekeo. Sehemu za siri punguza kwanza na mkasi. Suuza kwa maji baridi, paka vazelini kidogo. Limau, pombe na manukato weka mbali mpaka kesho. Mwenye vipele sugu namshauri aache wembe, atumie mashine ya kukatia inayobakiza kama milimita moja. Vitabu husisitiza wembe wa makali mamoja kuliko wa makali matatu au matano. Kusema kweli sina uhakika kama tofauti ni kubwa hivyo. Wembe butu ndio ninaoulaumu, na mkono unaokandamiza. Wembe ni wa mtu mmoja. Virusi vya hepatitisi B hukaa hai juu ya kitu kikavu angalau siku saba, kwa hiyo "niliusuuza" si jibu.

Miguu na mikono ni habari nyingine. Hapo kung'oa kunaweza kufaa, na halawa, gundi ya sukari ya kung'olea nywele, ni nafuu kuliko nta ya dukani. Vikombe viwili vya sukari, robo kikombe cha maji ya limau, robo kikombe cha maji. Limau si la harufu: asidi yake inavunja sukari kuwa glukosi na fruktosi, hivyo haigandi kuwa chembe. Ukipunguza limau utapata sukari guru, hutapata halawa. Weka sufuria nzito kwenye mbabula, yaani jiko la mkaa, yenye makala machache, moto mdogo, koroga mpaka sukari iyeyuke, kisha acha kukoroga kabisa. Inatokota, inageuka rangi ya asali, baadaye kahawia nyepesi.

Hapa wanaofuata video za nje wanaharibu sufuria. Wanaambiwa wapike hadi nyuzi 120 na zaidi. Kipimo hicho ni cha watu wa pwani. Bukavu na Goma tuko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka karibu nyuzi 95, na sukari nayo inafika kwenye ugumu uleule mapema: toa nyuzi 5. Aliyeambiwa 120 aipue kwenye 115. Lubumbashi, kwenye mita 1,200 hivi, toa 4. Usipotoa, utapata jiwe la pipi na kulaumu limau. Bila kipimajoto, dondosha tone kwenye maji baridi: likitawanyika, bado, likikusanyika kuwa kidonge kinachobonyea kati ya vidole, ipua sasa hivi, kwa kuwa sufuria nzito inaendelea kupika hata nje ya moto. Ikizidi, ongeza kijiko cha maji, rudisha moto mdogo. Iache ipoe hadi uweze kuishika bila kuruka. Sukari ya moto inaganda kwenye ngozi na kuendelea kuunguza, ni mbaya kuliko maji ya moto; watoto wasiwe karibu na mbabula.

Ngozi iwe safi na kavu, paka poda kidogo. Nywele ziwe na urefu wa milimita tano hivi. Fupi zaidi haishiki, ndefu sana inauma bure. Tandaza halawa kinyume cha nywele, kisha ivute haraka kuelekea zinakolala, sambamba na ngozi, mkono wa pili ukiikaza ngozi. Kuvuta kwenda juu, kama mtu anayeng'oa muhogo, ndiko kunakokatia nywele ndani. Nta ni kinyume: tandaza kufuata nywele, vuta kinyume chake. Ikikataa kushika, ni jasho au mafuta. Ikinata kwenye vidole na haiachi, haikuiva. Usivute juu ya kidonda, ngozi iliyochubuliwa na krimu, au ngozi inayotumia dawa za chunusi za jamii ya retinoidi, kwa sababu itatoka na ngozi. Vitabu vinasema kung'oa hakupunguzi nywele kamwe. Kwa miguu iliyong'olewa miaka mingi nadhani baadhi ya vifuko hudhoofika, lakini sithubutu kumwahidi mtu.

Krimu za kuyeyusha nywele: zina thioglikolati, ni za alkali kali, zinayeyusha unywele na zikichelewa zinaanza ngozi. Jaribu kwenye mkono, ngoja saa 24. Fuata dakika zilizoandikwa, usiongeze "kidogo tu". Ya miguu usipeleke usoni, wala sehemu za siri ndani. Majivu yanasaidia vidole kushika nywele za kwapa, basi. Hayaui mzizi, na ukiyalowesha yanachoma. Manjano na papai sina la kusema, pikia.

Tuje kwenye ndevu zenyewe. Nywele chache kidevuni baada ya kukoma hedhi ni kawaida, estrojeni, homoni ya kike, imeshuka. Lakini nywele nene kidevuni, kifuani, tumboni kuelekea kitovuni, pamoja na hedhi inayopotea miezi, chunusi na uzito, ziangaliwe. Mara nyingi ni ugonjwa uitwao wa ovari zenye vifuko vingi, vifuko vya mayai, si vya nywele. Tangu 2003 madaktari wanahitaji dalili mbili kati ya tatu: hedhi isiyopangika, androjeni nyingi, ovari zenye vifuko vingi kwenye ekografi, ile picha ya ultrasound. Maana yake ekografi peke yake haitoshi kumbandika mtu ugonjwa, hata kama umelipa furanga zako. Na ovari hizo hazimaanishi kwamba huzai.

Kuna kipimo cha nywele cha Ferriman na Gallwey cha 1961, na kama kinavyotumika leo ni hivi: sehemu tisa za mwili, kila moja alama 0 hadi 4, na wengi huanza kushtuka kwenye 8. Nakitumia bila kukiabudu. Mwanamke aliyenyoa jana anapata sifuri. Mwenye alama 4 zote kidevuni anaweza kuwa hatoki nyumbani, mwenye 10 hajali. Ukienda kwa daktari, acha zionekane, hata kama ni aibu, au umwambie unanyoa kila baada ya siku ngapi.

Usisubiri hata mwezi kama nywele zimejaa ghafla ndani ya miezi michache, sauti inakuwa nzito, kipaji cha uso kinapata upara, kinembe kinakua. Hiyo inaweza kuwa uvimbe wa ovari au wa tezi iliyo juu ya figo. Hapo sizungumzii urembo tena.

Dawa zipo: vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili huanza, spironolaktoni, dawa inayozuia androjeni, huongezwa baadaye. Usijinunulie farmasi. Spironolaktoni inaweza kudhuru mtoto wa kiume tumboni, kwa hiyo inakwenda na uzazi wa mpango, na potasiamu ya damu ipimwe. Usihukumu kabla ya miezi sita, kwani nywele zilizokwisha kunenepa zinamaliza mzunguko wao kwanza. Wengi wanaacha mwezi wa pili wakisema dawa ni bandia. Metformini, dawa ya kisukari, inasaidia sukari na hedhi. Kwa ndevu msaada wake ni mdogo.

Ipo pia eflonitini ya kupaka, asilimia 13.9. Ni dawa ile ile iliyochomwa kwenye mishipa ya wagonjwa wa malale hapa Kongo. Marekani iliiruhusu kama krimu ya ndevu za wanawake mwaka 2000. Haing'oi, inapunguza kasi tu. Unapaka mara mbili kwa siku huku ukiendelea kunyoa, unangoja wiki nane, na ukiacha, zinarudi.

Elektrolisisi, sindano yenye umeme ndani ya kila kifuko, ndiyo inayoua kifuko kweli. Ilianza 1875 kwa Charles Michel, daktari wa macho wa Marekani, akitoa kope zinazochoma jicho. Ni polepole sana, ila inafanya kazi hata kwa mvi. Leza, mashine ya mwanga mkali, haioni mvi, inatafuta weusi, na sisi weusi uko kwenye ngozi pia. Kwa hiyo popote utakapopata mashine, uliza swali moja kabla ya bei: ni leza ya aina ya Nd:YAG, ya nanomita 1064? Hiyo inapita ngozi nyeusi kwa usalama zaidi. Wakijibu ni mwanga wa kumulika tu, au kifaa kidogo cha nyumbani, toka. Kinachokusubiri ni michomo. Using'oe wiki nne hadi sita kabla, kwa sababu leza inahitaji unywele uwepo ndani ya kifuko. Kunyoa siku moja kabla kunatakiwa. Hesabu vikao sita hadi nane, wiki kadhaa kati yake, na kama homoni hazijatulizwa, mpya zitaendelea kuja. Usoni, mara chache, leza huamsha nywele badala ya kuzipunguza, na asiyekutajia hilo hajui kazi yake au anakuuzia. Waombe wajaribu eneo dogo chini ya taya, urudi baada ya wiki mbili tuangalie limegeuka rangi gani.