Upekee wa Mahali na Uhai wa Maeneo ya Katikati ya Miji ya Uingereza: Dhana Potofu na Ukweli

Kwa miongo kadhaa sasa, maeneo ya katikati ya miji mingi ya Uingereza yamekuwa yakipoteza wateja, kwanza kwa maduka makubwa yaliyojengwa pembezoni karibu na barabara kuu na maegesho ya bure, kisha kwa biashara ya mtandaoni, ambayo leo inabeba zaidi ya robo ya mauzo ya rejareja nchini humo. Fremu tupu zimekuwa jambo la kawaida katika mtaa mkuu wa maduka. Halmashauri nyingi zimetambua kwamba mji hauwezi kushindana na ghala la mtandaoni kwa bei wala kwa wingi wa bidhaa, na kwamba unachoweza kufanya ni kuwa mahali ambapo mtu anapata kitu asichokipata kwingine. Huo ni utambuzi sahihi. Tatizo ni kwamba wazo la upekee wa mahali limezungukwa na dhana potofu zinazofanya fedha za umma ziishie kwenye mapambo, huku wafanyabiashara wanaoupa mji sura yake wakifunga milango mmoja baada ya mwingine.

Dhana: Upekee wa mji ni majengo yake ya kale

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na kuna ushahidi mzuri wa kuipima. Mwaka 2005, taasisi ya utafiti ya New Economics Foundation ilichapisha matokeo ya uchunguzi wa mitaa mikuu ya Uingereza, ambapo maduka yalihesabiwa na kutenganishwa kati ya yale ya wenyeji na yale ya kampuni zenye matawi kila mji, na aina za biashara zilizokuwepo zikaorodheshwa. Miji iliyokuwa na maduka yaleyale yanayopatikana kila mahali ilipata alama za chini kabisa. Uchunguzi uliporudiwa mwaka 2010, mji ulioshika mkia haukuwa mji wa viwanda uliochakaa bali Cambridge, mji wenye vyuo vya karne nyingi na baadhi ya majengo yanayopendwa zaidi barani Ulaya. Mgeni aliyesimama katika mtaa wake wa maduka aliweza kuinua macho akaona minara ya mawe ambayo haina mfano, lakini akiyashusha hadi usawa wa madirisha ya maduka alikutana na majina yaleyale aliyoyaacha alikotoka. Kinyume chake, mji uliosifiwa zaidi mwaka 2005 ulikuwa Hebden Bridge, mji mdogo wa viwanda vya nguo huko Yorkshire, ambao sifa yake ilitokana na watu waliokuwa wakifanya biashara ndani yake.

Simaanishi kwamba majengo hayana maana. Majengo ya zamani mara nyingi yana fremu ndogo ambazo mfanyabiashara anayeanza anaweza kuzimudu, na yana ghorofa za juu zinazoweza kurudishwa kuwa makazi, na mtu anayeishi juu ya duka ni mteja wa kila siku. Mpango wa serikali ulioongozwa na Historic England, taasisi ya umma ya kuhifadhi majengo ya kihistoria, kati ya 2020 na 2024, uliotumia pauni milioni 95 katika mitaa mikuu zaidi ya 60 ya England, ulikuwa na maana hasa pale ulipokarabati majengo ili yatumike, na si pale uso wa jengo ulipopakwa rangi huku ndani pakibaki patupu.

Inafaa pia kukumbuka kwamba waliolieneza wazo la upekee wa mahali Uingereza hawakuanza na minara. Shirika la Common Ground, lililoanzishwa mwaka 1983 na Sue Clifford, Angela King na Roger Deakin, lilijishughulisha na mambo ya kawaida yanayofanya mahali pasifanane na pengine: aina za matufaha zinazomea katika wilaya fulani tu, namna kuta za mawe zinavyojengwa, majina ya vichochoro. Tarehe 21 Oktoba 1990 liliandaa siku ya matufaha ya kwanza pale Covent Garden, London, kwa sababu lilitambua kwamba bustani za matunda zinapokatwa, mapishi, misimu na masoko yaliyotegemea aina hizo hutoweka pamoja nazo. Watu hawa walikuwa wakizungumzia kazi, maarifa na mazoea. Anayelipunguza wazo lao hadi kuwa orodha ya majengo yaliyohifadhiwa amelikata sehemu kubwa.

Dhana: Mji usiorithi kitu cha pekee hauna la kufanya

Hay-on-Wye, mji wa Wales ulio mpakani na England wenye watu wasiofikia 2,000, haukuwa na historia yoyote ya biashara ya vitabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Richard Booth alifungua duka la vitabu vya mitumba katika jengo lililokuwa kituo cha zimamoto, kisha akaendelea kununua shehena za vitabu kutoka maktaba zilizokuwa zikifungwa na kuzijaza katika majengo yaliyokosa kazi, likiwemo la sinema. Wengine walimfuata. Mwaka 1977, katika siku ya wajinga ya tarehe 1 Aprili, Booth alijitangaza kuwa mfalme wa Hay, na magazeti yakaandika habari hiyo kwa furaha. Tamasha la fasihi linalovuta maelfu ya watu lilianza mwaka 1988, yaani baada ya miongo miwili na zaidi ya kununua, kupanga na kuuza vitabu. Kwenye viwanja vya ngome ya mji bado kuna rafu zilizowekwa nje, bila muuzaji, ambapo msomaji huchagua kitabu na kutumbukiza sarafu zake katika sanduku. Ni jambo dogo, lakini mtu akishaliona hawezi kuichanganya Hay na mji mwingine.

Hapa inafichuka dhana nyingine iliyojificha ndani ya hii, kwamba maduka ya aina moja yakikaa pamoja yatauana. Kwa bidhaa ambazo mnunuzi huzitafuta na kuzilinganisha, kama vitabu vya mitumba, samani za kale au vyombo vya muziki, mambo huwa kinyume chake. Hakuna mtu atakayesafiri saa tatu kwa ajili ya duka moja la vitabu ambalo huenda halina anachotaka, lakini atasafiri kwa ajili ya maduka 20, kwa kuwa wingi wake unampa uhakika kwamba hatarudi mikono mitupu. Jirani mshindani ndiye anayemletea mwenzake mteja.

Wigtown, kusini-magharibi mwa Uskoti, ilijifunza somo hilo. Ilikuwa imepoteza kiwanda cha maziwa na kile cha kutengenezea wiski kilichokuwa jirani, na majengo mengi yaliyouzunguka uwanja wake mpana yalikuwa yakiporomoka, pale ilipochaguliwa mwaka 1998 kuwa mji wa vitabu wa taifa la Uskoti. Mtu anaweza kuuliza: huku si kuiga? Ni kuiga, na ninaona ni vema kukiri hivyo, kwa kuwa wapo wanaodai kwamba upekee na kuiga haviwezi kukaa pamoja. Wigtown ilichukua mbinu, yaani kuunganisha majengo ya bei nafuu na biashara inayovuta biashara za aina yake. Maduka yaliyofunguliwa yalikuwa ya watu waliohamia au kuishi hapo, na vitabu vyao, mazungumzo yao na tamasha lao vilichukua sura ya mahali hapo.

Hata miji iliyojengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia haikosi kitu. Harlow, iliyoteuliwa mwaka 1947 kuwa mji mpya wa kupunguza msongamano wa London, ilianza mapema miaka ya 1950 kununua sanamu kwa ajili ya viwanja na barabara zake, ikiwemo kazi ya Henry Moore, na leo inajitambulisha kama mji wa sanamu.

Dhana: Nembo, kaulimbiu na bendera za rangi zitauamsha mji

Hili halihitaji maneno mengi. Nembo inaweza kumwambia mtu kwamba kuna jambo. Haiwezi kulitengeneza jambo lenyewe. Huko Todmorden, mji mwingine wa Yorkshire, kikundi kilichoanzishwa mwaka 2008 na wanawake wawili, Pam Warhurst na Mary Clear, kilianza kwa kupanda mboga na viungo mahali pa wazi ili mpita njia yeyote achume: kwenye kituo cha reli, mbele ya kituo cha afya, hata mbele ya kituo cha polisi, ambako mahindi yalisimama wima karibu na mlango. Sifa ilifika baadaye, na watu wakaanza kusafiri kuja kuitazama mboga. Mpangilio huo ndio wa kuzingatia, kwani halmashauri nyingi huanza na sifa na kutarajia kwamba jambo lenyewe litajitokeza.

Dhana: Kampuni kubwa zikiingia, mji umepona, au, kampuni kubwa zote ni adui

Kwa muda mrefu wamiliki wa majengo walipendelea kukodisha kwa kampuni kubwa wakiamini kwamba mpangaji huyo hawezi kuanguka. Woolworths, kampuni ya maduka ya bidhaa mchanganyiko, ilipoporomoka mwishoni mwa mwaka 2008, maduka yake zaidi ya 800 yalifungwa katika muda wa wiki chache. Kampuni nyingine ya maduka makubwa, BHS, ikafuata mwaka 2016, na Debenhams, ya aina hiyohiyo, ikafunga maduka yake ya mwisho Mei 2021. Kila anguko liliacha majumba makubwa ambayo hakuna mfanyabiashara wa kawaida awezaye kuyajaza, na katika miji mingi pengo hilo lilikuwa katikati kabisa ya mtaa mkuu. Mji ulioweka matumaini yake yote kwa wapangaji wachache wa aina hiyo ulikuwa katika hatari kuliko mji wenye wafanyabiashara wadogo wengi, ambapo mmoja akifunga mwingine anaingia.

Hata hivyo, mkazi anayehitaji soksi za shule au dawa ya kikohozi anafaidika na duka la tawi, na mji usio na mahitaji ya kila siku hugeuka kuwa mahali pa matembezi ya Jumamosi tu. Wakazi wa Totnes, huko Devon, walipoipinga kampuni kubwa ya migahawa ya kahawa ya Costa mwaka 2012 hadi ikaacha mpango wa kufungua tawi ingawa ilikuwa na kibali, hoja yao haikuwa kwamba kampuni kubwa hazifai popote. Mji wao mdogo tayari ulikuwa na migahawa mingi ya wenyeji, na fedha zinazotumika humo huzunguka mjini kwanza kabla ya kutoka. Kinachopaswa kuangaliwa ni uwiano.

Dhana: Upekee ni kwa ajili ya watalii

Altrincham, karibu na Manchester, haina ngome wala bahari, na tangu mwaka 1998 imekuwa ikiishi karibu na Trafford Centre, mojawapo ya majumba makubwa kabisa ya maduka nchini. Iliwahi kutajwa miongoni mwa miji yenye fremu tupu nyingi zaidi. Ilichokuwa nacho ni haki ya kuendesha soko, iliyotolewa mwaka 1290, na jengo la soko la karne ya 19. Lilipofunguliwa upya mwaka 2014, jengo hilo lilipewa wapishi na wauzaji huru, na katikati zikawekwa meza ndefu za mbao ambazo watu wasiojuana hukaa bega kwa bega. Wanaolijaza ni wakazi wa mji na vitongoji vyake, wanaorudi tena na tena. Mtalii huja mara moja. Mtaa wa maduka unaishi kwa mtu anayepita hapo kila wiki.

Mfano wa Stockton-on-Tees ni wa ujasiri zaidi. Mwaka 2019 halmashauri ilinunua jumba la maduka la Castlegate, ambalo kwa karibu nusu karne lilikuwa limeukinga mtaa mkuu usiuone mto Tees, ikahamishia biashara upande mwingine wa mtaa na kulibomoa ili kupata bustani inayoshuka hadi mtoni. Walikubali kuwa na maduka machache ili mji urudishiwe mto wake, na kwa maoni yangu huo ni uamuzi ambao miji mingine mingi yenye maduka mengi kuliko mahitaji yake italazimika kuufikiria.

Dhana: Mji ukishapata sifa, mambo yatajiendesha yenyewe

Margate, kwenye pwani ya Kent, ilifungua jumba la sanaa la Turner Contemporary Aprili 2011, likiwa na jina la mchoraji aliyependa mwanga wa anga ya hapo. Maduka ya vitu vya kale na karakana za wasanii viliongezeka katika mitaa ya zamani, na wageni wakaja. Bei za nyumba na kodi za pango nazo zikapanda, na baadhi ya waliousaidia mji kupata sifa wakashindwa kuendelea kukaa humo. Upekee huongeza thamani ya ardhi, na thamani hiyo humwendea mwenye ardhi, ambaye si lazima awe ndiye aliyeutengeneza.

Ndiyo maana suala la umiliki haliwezi kuachwa pembeni. Tangu Septemba 2020, maduka, ofisi, migahawa, kliniki na kumbi za mazoezi nchini England vimewekwa katika kundi moja la matumizi, kwa hiyo mwenye jengo anaweza kugeuza duka kuwa ofisi bila kuomba kibali cha mipango miji, na halmashauri imepoteza sehemu ya uwezo wake wa kulinda mchanganyiko wa biashara. Kwa upande mwingine, tangu Desemba 2024 halmashauri zinaweza kuikodisha kwa mnada fremu iliyokaa tupu kwa zaidi ya siku 365 katika kipindi cha miezi 24, hata kama mwenye jengo hataki. Huko Hastings wakazi walikwenda mbali zaidi: jengo la Observer, lililojengwa mwaka 1924 kwa ajili ya kuchapishia gazeti na lililokaa tupu tangu 1985, lilinunuliwa mwaka 2019 na taasisi inayomilikiwa kijamii, na sasa lina nafasi za kazi ambazo kodi yake haipandishwi kwa kufuata soko, hivyo fundi au msanii anayeipa Hastings sifa yake anaweza kuendelea kufanya kazi humo sifa hiyo inapokua.