Kunawa majivu ya Kwaresima hakuleti laana

Kila Jumatano ya Majivu unarudi ujumbe uleule kwenye magrupu: majivu ya kipajini yanafuta dhambi, na ukiyanawa kabla ya jua kuzama unajiletea laana. "Tuma kwa Wakristo kumi."

Si kweli. Majivu ni ishara ya toba. Yenyewe hayaondoi dhambi. Hutokana na matawi makavu ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, yale yaliyokaa nyuma ya picha ukutani hadi yakajaa vumbi. Anayekupaka husema, "Tubuni na kuiamini Injili", au hukukumbusha kwamba u mavumbi. Kazi ya kujichunguza anakuachia wewe.

Kuhakiki ni rahisi. Fungua Mathayo 6:17, sehemu ya Injili inayosomwa na Wakatoliki siku hiyohiyo: anayefunga kula anaambiwa "unawe uso". (Wengi tunaisikia tukiwa tayari tunawaza foleni ya majivu.)

Mkanganyiko unaeleweka: kitu kilichobarikiwa tunakiogopa kukigusa, na kukiheshimu kukageuka hofu. Ukiupata ujumbe huo, usiusambaze. Ukiwa na shaka, muulize katekista wako Jumapili.