Timu ya kuogelea ya watu wazima ni nini hasa?

Ukiwaambia watu wa hapa Dodoma kwamba umejiunga na timu ya kuogelea na umri umeshapita arobaini, wanacheka kwanza, halafu wanakuuliza unaogelea wapi na mito yetu yenyewe kiangazi ni mchanga mtupu. Jamani, mabwawa yapo, mengi ni ya hotelini. Na timu yenyewe wala siyo ya mabingwa wastaafu, ni kundi la watu wazima lenye kocha, ratiba na mazoezi yaliyopangwa, huko nje wanaita mastazi, na kushindana ni hiari ya mtu.

Ilianzia Marekani. Daktari mmoja wa jeshi lao la majini, Ransom Arthur, aliona mtu mzima akiwa na mashindano mbele yake atafanya mazoezi bila kusukumwa, ndo wakafanya ya kwanza ya taifa pale Amarillo, Texas, mwaka 1970. Wanaotaka kushindana hupangwa kwa makundi ya miaka mitano mitano, 25 hadi 29, 30 hadi 34, unaendelea hivyo hivyo mpaka kwa wazee kabisa, kwa hiyo babu wa miaka 71 anakutana na wenzake siyo na kijana wa chuo.

Lakini wengi wanaoingia hawana hata habari na medali. Mwingine magoti yamegoma kukimbia, mwingine kahamishiwa huku na ofisi yake kutoka Dar na jioni hana pa kwenda, mwingine alikua bila kujua kuogelea na sasa anaona aibu kuzidiwa na mwanae. Halafu kuna ile ya kuogelea peke yako, unapiga raundi mbili, unashika ukuta, unaanza kupiga stori na wahudumu, saa limeisha. Timu ni kama kikoba, usipotokea wiki hii wenzio wanapiga simu kukuuliza uko wapi.

Mazoezi yenyewe ni kama saa moja hivi. Bwawa linagawanywa leni kulingana na kasi, siyo umri wala cheo, bosi anaweza kujikuta leni ya taratibu na karani wake yuko ya haraka (hii mimi naipenda sana). Mnapasha misuli, mnafanya mazoezi ya mbinu, kisha kazi yenyewe, mfano mita 50 mara nane na mapumziko ya sekunde 20 kila mara, mwisho mnaogelea taratibu kupoza mwili. Kwenye leni mnaenda upande mmoja mnarudi upande mwingine, kila mtu anamwacha wa mbele atangulie sekunde tano au kumi, na ukitaka kumpita unamgusa mguu kidogo, akifika ukutani anajibana kwenye kona upite.

Kocha anasimama nje ya maji maana ndo anakuona vizuri. Kosa la wanaoanza karibu wote ni kubana pumzi uso ukiwa majini, wakigeuka kuvuta hewa inabidi kwanza watoe ya zamani, muda hautoshi, wanaona wanaishiwa pumzi kumbe mapafu yamejaa. Dawa yake ni kupuliza mapovu taratibu ukiwa chini, ukigeuka unavuta tu.

Malipo mara nyingi ni kwa mwezi. Kabla ya kutoa hela uliza leni zinatengwa kweli au mtabanana na wageni wa hoteli, mwokoaji yupo, na asiyeelea kabisa anaanzia darasa gani. Na uliza muda pia, maana saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa saba, na upepo huu wetu, maji yasiyopashwa moto utayakimbia mwenyewe.