"Majeruhi hatuna, dokta"

Nikifika kwenye timu ya vijana kwa mara ya kwanza, huwa namuuliza mwalimu ana majeruhi wangapi. Jibu ni lile lile karibu kila uwanja wa Dar es Salaam niliowahi kukanyaga: "Hatuna, dokta." Kisha nawapanga watoto, nambonyeza kila mmoja chini kidogo ya goti, pale kwenye kinundu cha mfupa wa muundi. Hawakosekani wawili watatu wanaoruka kwa maumivu.

Makocha hawanidanganyi. Wanawapenda hawa watoto, wengine huwanunulia maji kwa fedha zao. Ila kwao majeruhi ni yule asiyeweza kukanyaga. Anayechechemea bado ni mchezaji, anaambiwa ajikaze.

Maumivu ya kinundu kile yana jina, Osgood-Schlatter. Mtoto anapovuta urefu, misuli ya paja huvuta sehemu ya mfupa ambayo bado haijakomaa, na kila shuti na kila mruko huongeza mvuto huo. Mwalimu akisema "anakua tu huyo," amesema kweli, na ndiyo sababu ya kumpunguzia mazoezi. Tatizo ni kwamba mtoto huyo anachezea shule, akademi, na Jumapili yuko kwenye ndondo za mtaani. Makocha watatu, kila mmoja anahesabu mazoezi yake tu. Siku hizi namwomba mtoto mwenyewe anihesabie mechi za wiki nzima, mwalimu akiwa anasikia.

Kuhusu kupasha misuli, pingamizi lao ni muda, na nalielewa: uwanja ni wa kugawana na giza halisubiri. Programu ya FIFA 11+, mazoezi ya kupasha misuli yaliyopangwa kuzuia majeraha, inachukua kama dakika 20. Huwa nawatajia utafiti uliofanyika Lagos, Nigeria, kwa sababu viwanja na mazingira ya kule wanayaelewa: timu 20, vijana 416 wa miaka 14 hadi 19, na kundi lililofuata programu hiyo lilipata majeraha pungufu kwa asilimia 41 kuliko kundi lisiloifuata. Mwalimu mwenye wachezaji 16 hapo ananisikiliza, maana anajua kukosa mabeki wawili kunamgharimu nini. Muda ukibana, yale mazoezi ya nguvu yaliyomo kwenye programu hiyo tunayapeleka mwisho wa mazoezi ya siku.

Mahali nisipokubali mjadala ni kichwa. Mtoto amegongana, amezubaa, anamwagiwa maji na kurudishwa uwanjani kwa kuwa amesema yuko poa. Mwalimu, huyo siku hiyo hachezi tena, hata kama ni fainali. Mzazi aambiwe usiku ule ule, na mtoto akitapika, akisinzia isivyo kawaida au kichwa kikizidi kumuuma, apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi.