Je, wajua kwa nini makocha wa vyuo Marekani wanasaka wachezaji wa kikapu shule zikiwa zimefungwa?

Ukiingia ukumbi wa ligi ya kiangazi huku Marekani mwezi wa saba, kitakachokushangaza kwanza sio madogo wanaodanki, ni wale watu wazima waliokaa kwenye viti vya kukunja nyuma ya goli. Wamevaa tisheti za kola zenye nembo ya chuo, mkononi kijitabu na kalamu, na hawaongei na mchezaji yeyote. Dogo anapita mbele yao kwenda kunywa maji, na kocha aliyepanda ndege kuja kumwangalia yeye huyo huyo anainamisha macho kwenye karatasi. Mara ya kwanza kuona hivyo niliumia, nikajua ni dharau, maana sisi tumelelewa kwamba mkubwa na mdogo wakikutana lazima pawe na salamu na maneno mawili matatu.

Kumbe ni sheria. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kina kalenda ya usajili yenye siku za kocha kukaa na mchezaji wakaongea, siku za kumwangalia tu, na siku ambazo hata kumfuata haruhusiwi. Zile wikiendi za Julai ambazo makocha wa Division I (ngazi ya juu kabisa ya vyuo) wanaruhusiwa kwenda kwenye hizi ligi ni za kuangalia tu. Anakaa, anaandika, anaondoka, mengine yatafuata kwa simu.

Sasa kwa nini kiangazi na sio wakati wa ligi za shule zenyewe? Jibu la kwanza ni rahisi tu: msimu wa vyuo unaanza Novemba na unafika mpaka Machi, mwanzo wa Aprili kwa wachache waliobaki kwenye mashindano ya mwisho, na msimu wa sekondari nao uko miezi hiyo hiyo ya baridi, kwa hiyo kocha wa chuo ana timu yake ya kufundisha na mechi mbili kwa wiki, hawezi kuzunguka nchi nzima. Na nchi yenyewe ni kubwa mno. Vyuo vya Division I peke yake ni zaidi ya 350, wavulana wanaocheza kikapu sekondari ni zaidi ya laki tano, na wanaofika hiyo Division I ni kama 1 kati ya 100. Halafu unakuta dogo anafunga pointi 35 kila mechi kwenye kamji kadogo ambako wapinzani wote ni wafupi na wachovu, utajuaje kama anajua au ni wenzake ndio hawajui? Kiangazi unamtoa huko, unamweka uwanja mmoja na wenzake waliotoka majimbo mengine nao wanafunga 35, na ndani ya dakika kumi unajua.

Hili jambo lina historia ndefu. Mwaka 1966 Howard Garfinkel na mwenzake Will Klein walianzisha kambi ya kikapu ya kiangazi inayoitwa Five-Star, na kiangazi cha 1980 kijana wa Wilmington, North Carolina, alikwenda pale wakati wachache sana nje ya jimbo lake walikuwa wanamjua. Alikuwa Michael Jordan, na baada ya wiki hiyo kila chuo kilimtaka. Mwaka 1984 Sonny Vaccaro, mtu wa kampuni ya Nike, akaanzisha kambi ya ABCD, na hapo kampuni za viatu zikaingia kwa nguvu. Tracy McGrady alifika ABCD mwaka 1996 akiwa hajulikani, akatoka akiwa miongoni mwa wa juu kabisa nchini, na mwaka uliofuata Toronto wakamchukua namba 9 kwenye drafti ya NBA (siku ambayo timu za NBA zinachagua wachezaji wapya kwa zamu).

Ila mimi nikisikia ABCD namkumbuka zaidi Lenny Cooke. Kiangazi cha 2001, pale New Jersey, yeye alikuwa ndiye anayeimbwa, mmoja wa vijana waliowekwa juu kabisa nchini, akapangwa kucheza dhidi ya dogo mmoja wa Ohio anaitwa LeBron James. LeBron akafunga 24, Cooke 9, na mwishoni muda ukiwa unaisha LeBron akarusha pointi tatu kwa mbali ikaingia na mechi ikaisha hapo. Mwaka uliofuata Cooke akaingia kwenye drafti ya NBA na hakuna timu iliyomchagua. Sisemi mechi moja ndiyo ilimwangusha, kulikuwa na mambo mengi, lakini mzazi yeyote anayemleta mwanae kwenye hizi ligi inabidi ajue kwamba jukwaa lile lile linalompandisha mmoja linamshusha mwingine.

Kwa sasa ligi kubwa zaidi ni ile ya Nike inayoitwa EYBL, ilianza 2010 na fainali zake ni Peach Jam kule North Augusta, South Carolina, adidas na Under Armour nao wana zao. Jonathan Kuminga wa Goma alipita hapo akiwa na timu ya New York, ingawa chuo alikiruka, na 2021 akachaguliwa namba 7. Hela nyingi namna hiyo huwa zinaleta na uozo: mwaka 2017 waendesha mashtaka wa serikali kuu kule New York walifungua kesi za rushwa zilizohusu watu wa kampuni ya viatu, mawakala na makocha wasaidizi wa vyuo, na baada ya hapo NCAA ikabadilisha mambo mengi ya kiangazi, ikiwemo kuruhusu makocha kwenda kuangalia timu za shule zenyewe mwezi wa sita.

Lakini hizo ni za mastaa. Mimi nataka niongelee ligi za kawaida, kama hii yetu ya Houston ambayo najitolea meza ya skora, kwa sababu ndiko waliko madogo wengi, na huko ndiko uendeshaji mzuri au mbovu unabadilisha maisha ya mtu kabisa.

Watu wanadhani kuendesha ligi ya kuonekana ni kupata ukumbi, marefa na mipira. Hapana. Kwanza lazima mashindano yathibitishwe na NCAA, bila hivyo makocha wa Division I hawawezi kuja hata kama una kina LeBron kumi. Makocha wa timu lazima wawe na leseni ya USA Basketball (chama cha kikapu cha taifa), na kuipata unachunguzwa rekodi zako kwanza, jambo ambalo mimi nalipenda sana kwa sababu hawa ni watoto. Halafu bima, mtu wa huduma ya kwanza na barafu ya kutosha, maana mechi tatu kwa siku vifundo vya miguu havina huruma. Pia viwanja: ukumbi wetu una viwanja sita vimepangwa sambamba, na siku ya kwanza tulijifunza kwamba refa wa uwanja wa tatu akipuliza filimbi, wachezaji wa uwanja wa nne nao wanasimama, mtu yuko peke yake anaelekea golini anashika mpira anageuka kumwangalia refa, na refa wake anamwambia cheza. Sasa hivi marefa wa viwanja vinavyopakana wanatumia filimbi za sauti tofauti.

Ila kitu kikubwa kuliko vyote ni kile kijitabu. Kocha wa chuo analipa mamia ya dola kukipata, na ndani yake kuna kila timu, kila mchezaji, jina, urefu, mwaka wa kumaliza shule, wastani wa alama darasani, namba ya simu ya mzazi au ya kocha wake, na namba ya jezi. Kocha hajui jina la mtu pale uwanjani, na kama nilivyosema hawezi kumfuata amuulize. Anachojua ni namba 11 wa jezi nyeupe. Kwa hiyo mwisho wa siku namba ndiyo jina lako, na ikikosewa wewe haupo.

Nimeshaona kwa macho yangu. Kiangazi fulani kuna pointi gadi mwembamba, alipigwa kiwiko puani damu ikamwagikia jezi, na sheria ni kwamba jezi yenye damu unatoka mpaka uibadilishe. Akatoka na namba 5, akarudi amevaa ya mwenzake wa akiba, namba 32. Ndipo akacheza mpira wa maisha yake, kuiba mipira, asisti, difensi ya kukaba kuanzia kwenye goli la wenzao, yaani kila kitu. Mechi ilipoisha kocha mmoja wa chuo kidogo akaja mezani kwangu na kijitabu wazi, kidole kimewekwa kwenye 32, akasema hapa kimeandikwa huyu ana futi 6 na inchi 8. Dogo hakufika hata futi 6. Tukamrekebishia kwa kalamu. Lakini nyuma ya goli walikuwa wamekaa makocha tisa, wanane walishaondoka na 32 yao. Tangu siku hiyo mtu akibadilisha jezi mimi nasimama, natembea viti vyote nawaambia mmoja mmoja, na mabadiliko yanaingia kwenye kijitabu cha kwenye simu hapo hapo.

Kitu kingine ambacho wazazi wetu wa huku hawakiamini mpaka wakione: makocha wengi jicho linaanzia kwenye wastani wa alama. Division I inataka masomo 16 ya msingi na wastani wa angalau 2.3 kati ya 4, Division II (ngazi ya pili) 2.2, na ukiwa chini ya hapo unaweza kuruka mpaka ukagusa dari, atageuza ukurasa. Hata Hasheem Thabeet wetu wa Dar, aliyechaguliwa namba 2 kwenye drafti ya 2009, alipitia darasani kwanza: alimalizia sekondari hapa Houston kabla ya kwenda chuo cha Connecticut.

Na miaka hii imekuwa ngumu zaidi kwa wa sekondari. Tangu 2021 mchezaji wa chuo anaweza kuhama chuo na kucheza papo hapo bila kukaa nje msimu mzima, kwa hiyo kocha mwenye nafasi mbili anaona bora achukue mtu wa miaka 22 aliyekomaa kuliko wa miaka 18 wa kumlea. Ndio maana kwa maoni yangu ligi inayojisifia kuleta makocha wakubwa tu inawadanganya wazazi. Ligi nzuri inawapigia simu makocha wa Division II, wa NAIA (chama kingine cha michezo, cha vyuo vidogo), wa vyuo vya miaka miwili, inawatengea viti kama wengine, kwa sababu huko ndiko nafasi zilipo na huko ndiko dogo anaweza kusoma miaka miwili akapanda.

Mwisho ni ratiba, na hapa nakuwa mkali kila mwaka kwenye kikao. Makocha wanafika Ijumaa, Jumamosi ukumbi umejaa, na Jumapili ikishafika saa sita mchana wanaanza kuvuta mabegi kwenda uwanja wa ndege. Timu zenye jina zikipewa Jumamosi asubuhi uwanja wa kwanza, na zile za mitaa ya kipato cha chini zikatupwa Jumapili saa kumi jioni, hao madogo wamelipa ada sawa na wenzao wakacheza mbele ya viti vitupu. Sisi tuliandika kwenye kanuni kabisa: kila timu lazima iwe na mechi moja Jumamosi kabla ya saa saba mchana, kwenye kiwanja cha kwanza au cha pili, na ratiba inabandikwa mlangoni wiki moja kabla ili mzazi yeyote aje ahesabu mwenyewe.