Kabla hujamuaga bibi, mvue soksi uangalie visigino

Kila Desemba Moshi inajaa. Magari ya kutoka Dar yamepangana kuanzia Himo mpaka Machame, kila kihamba, yani shamba la nyumbani la ukoo, kina watu, mbuzi wanachinjwa, alafu katikati ya hizo siku watu wanachomoka kwenda kumsalimia babu au bibi ambaye yuko kwenye makazi ya wazee. Shikamoo bibi, marahaba mwanangu, picha mbili tatu, sabuni na sukari anakabidhiwa mhudumu, nusu saa haijaisha watu wameshaondoka. Mi ni nesi, nimehudumia wazee hapa mkoani miaka mingi na sasa hivi kitengo chetu kinafundisha wahudumu wa wazee, na mwaka huu nina ombi moja kwenu mnaorudi nyumbani. Kabla hujaaga, mvue bibi soksi uangalie visigino vyake.

Nasema visigino kwa sababu sakafu inaweza kupigwa deki mgeni akiwa njiani, shuka zikabadilishwa, bibi akavalishwa gauni jipya na kupakwa mafuta akang'aa, ila kisigino huwezi kukiandaa kwa asubuhi moja. Kinakuonyesha alivyolala wiki nzima iliyopita.

Ukilala muda mrefu upande mmoja, mfupa unaibana nyama kwenye godoro, vile vimishipa vidogo vya damu vinafunga na nyama inakosa damu. Mimi na wewe tunasikia maumivu tunajigeuza hata usingizini bila kujua, lakini mzee aliyepooza kwa kiharusi, au mwenye sukari ambaye miguu imekufa ganzi, au aliyedhoofika tu hana nguvu ya kujigeuza, yeye anabaki hapohapo, na masaa machache tu yanatosha kuanzisha kidonda. Ndo vinaitwa vidonda vya mgandamizo, wengi wanaviita vidonda vya kulalia. Vinapenda sehemu zenye mfupa karibu na ngozi, yani kisigino, nyonga, mfupa wa mkia, kiwiko, hata sikio na kisogo. Na mara nyingi nyama inaanza kufa ndani kwenye mfupa kabla ngozi ya juu haijafunguka, ndo maana unaona kadonda kadogo kama sarafu, daktari akikasafisha anakuta shimo.

Hapa nisikilizeni vizuri maana hata wahudumu wanapakosea. Vitabu vingi vinasema dalili ya kwanza ni wekundu usioondoka ukibonyeza. Kwenye ngozi zetu nyeusi huo wekundu hauonekani, utasubiri mpaka ngozi ifunguke. Angalia sehemu iliyokolea weusi kuliko ngozi inayoizunguka, au yenye rangi ya zambarau, au inayong'aa kama imevutwa. Alafu gusa kwa mgongo wa mkono ulinganishe na mguu wa pili, je pana joto zaidi, au baridi zaidi, pagumu, au pamelegea kama parachichi lililoiva kupita kiasi? Muulize na mwenyewe kama panauma. Kama kuna jibu la ndio hata moja hapo, ita nesi siku hiyohiyo.

Kuzuia ni kazi ya mikono zaidi kuliko pesa. Asiyeweza kujigeuza anageuzwa, kwa godoro zetu za kawaida tunafundisha kila masaa 2, na inaandikwa kwenye daftari ni saa ngapi na amelalia upande gani. Asilazwe ubavu kabisa mpaka nyonga inabeba mwili wote, ainamishwe kidogo na mto uwekwe mgongoni. Mto mwingine unakaa chini ya shavu la mguu ili kisigino kielee hewani kisiguse godoro. Kumpandisha kitandani watu wawili wamnyanyue kwa shuka, wasimburute, kuburuta kunachana ngozi ya mzee kama karatasi. Pampasi ikilowa ibadilishwe muda huohuo. Na tafadhali pale palipobadilika rangi pasisuguliwe wala kukandwa, utaharibu zaidi nyama ambayo tayari imeumia, na zile ring'i za mpira au glavu zilizojazwa maji watu wanazoweka chini ya kisigino achaneni nazo. Chakula nacho kinahusika sana, ngozi haijengwi kwa uji mtupu, mzee anahitaji yai, maharage, maziwa, dagaa waliosagwa, na mtori wetu wenye nyama iliyopondwa vizuri unamfaa kabisa asiye na meno.

Sasa mbona nang'ang'ania kisigino wakati usalama wa mzee ni mambo mengi? Kwa sababu mzee asiyegeuzwa usiku mara nyingi ndo huyohuyo asiyepewa maji mchana, na sababu ni ileile, watu wa kumhudumia hawatoshi. Piga hesabu mwenyewe. Tuseme kituo kina wazee ishirini, nane kati yao hawajigeuzi, zamu ya usiku ni kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi. Kila masaa 2 maana yake mara 6 kwa kila mzee, jumla ni kugeuza mara 48 na kila mara panahitajika watu wawili, hapo bado hujabadilisha pampasi wala kumpeleka mtu chooni. Kama zamu hiyo ina mhudumu mmoja, hata awe na moyo wa dhahabu hawezi. Kwaiyo swali la kumuuliza msimamizi ni usiku mnakuwa wangapi, na ikiwezekana urudi siku nyingine mida ya saa 1 au 2 usiku ujionee, maana mchana wa sikukuu kila mtu yupo.

Kwenye upungufu kama huo ndo zinakuja njia za mkato, na hizi zinaniuma. Ya kwanza ni dawa za kumtuliza. Nilifika kituo kimoja, sikitaji, nikaambiwa bibi fulani hana shida kabisa, anashinda amelala. Kumbe kila jioni alikuwa anapewa Piriton ili zamu ipumzike. Piriton kwa kijana ni ya mafua na kuwashwa, kwa mzee inachanganya akili, inakausha mdomo, inazuia mkojo na kumwangusha, na Valium ni hivohivo au zaidi kwa sababu kwa mtu mzima wa umri ule inachukua siku nyingi kutoka mwilini. Mzee aliyekuwa anaongea ghafla akawa wa kusinzia, omba kuona dawa zote anazopewa, moja moja, na uulize nani aliziandika.

Ya pili ni kumfunga, kanga kiunoni hadi kwenye kiti eti asianguke. Hiyo haimlindi. Anahangaika kujinasua na anaanguka na kiti, misuli inalegea kwa kukaa, na huo mkia wake hapo kwenye kiti ndo unaoza. Marekani sheria ya mwaka 1987 ilishawapa wazee wa kwenye vituo haki ya kutofungwa kwa ajili ya adhabu au kumrahisishia mhudumu kazi. Na msidhani hili ni la wabaya wachache, Shirika la Afya Duniani linasema wahudumu 2 kati ya 3 kwenye vituo vya wazee walikiri kumtendea mzee vibaya ndani ya mwaka mmoja. Wengi nawafahamu walivyo, ni watu waliochoka ambao hakuna aliyewafundisha.

Kuna kingine familia inakipuuza sana. Mzee akichanganyikiwa ghafla, jana alikujua leo hakujui, watu wanasema ni uzee. Uzee haumvamii mtu kwa usiku mmoja. Inaweza kuwa maambukizi ya mkojo, nimonia bila hata homa kubwa, malaria, choo kigumu cha siku nyingi, au maji tu yamepungua mwilini maana kiu inapungua na umri, jagi lipo mezani lakini hasikii kiu na mkono haufiki. Huyo ni wa hospitali leo.

Ukiona tatizo usigombane na mhudumu mbele ya mzee, wewe unaondoka yeye anabaki naye. Piga picha ya kidonda kama mwenyewe anakubali, andika tarehe, kaa na msimamizi, isipotatuliwa nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kama kuna alama za kipigo nenda polisi dawati la jinsia. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilisema mzee kutunzwa kwenye makazi iwe ndo hatua ya mwisho familia ikishindwa, kwaiyo kumpeleka hakujakuondoa kwenye jukumu. Na haya yote yanamhusu hata yule aliyeachwa kijijini na dada wa kazi, huyo pengine ndo zaidi, maana huko hakuna hata zamu ya pili.

Kuhusu zawadi, punguzeni sukari. Leteni viatu vya kufunga nyuma vyenye soli ya mpira, kandambili zinaangusha wazee usiku wakienda chooni. Taa ndogo ya kuchaji ya kuweka karibu na kitanda. Mito miwili ya ziada, ule wa mgongoni na ule wa chini ya shavu la mguu. Sweta na blanketi la mwezi wa sita na wa saba, ili mtu asishawishike kumwingizia jiko la mkaa chumbani akafunga dirisha, ule moshi usioonekana unaua. Na chupa ya chai yenye mtori, ukae naye umlishe mwenyewe, amekaa wima, kijiko kidogo kidogo, akimaliza asilale mpaka nusu saa ipite. Hiyo nusu saa ndo ya kumvua soksi.