Ukatili wa kiuchumi ni nini?

Ukatili wa kiuchumi ni kutumia fedha, kazi au mali kumtawala mwenzako wa ndoa. Kofi si lazima lipigwe. Mume anayemkataza mkewe kufanya kazi yumo humo, sawa na anayekaa na laini ya simu ya mkewe na namba yake ya siri, au anayemtuma akakope kikoba kisha hela akaila yeye na deni akamwachia. Kenya, katika sheria yake ya 2015 ya kuwalinda watu na ukatili wa majumbani, inautaja waziwazi, na kumnyima mtu haki ya kutafuta kazi kumo ndani yake.

Wengi huamini mwanamke akianza kuingiza kipato, kipigo kitakoma. Kuna pahala ilikuwa hivyo. Mchumi Anna Aizer alichunguza takwimu za wanawake waliolazwa hospitalini California baada ya kushambuliwa, na mwaka 2010 akaonyesha kuwa pengo la mishahara kati ya wanawake na wanaume lilipopungua, ukatili nao ulishuka. Mke mwenye uwezo wa kuondoka huogopwa kidogo, hata asipoondoka.

Bangladesh mambo yalikuwa tofauti. Kwa wanawake wenye elimu ndogo au walioolewa wangali wadogo, kufanya kazi kuliendana na kupigwa zaidi. Hawa wana mshahara lakini hawana pa kwenda, na mume anayeona ukubwa wake unayumba huurudisha kwa ngumi.

Kwetu Tanzania huanza kimyakimya. Mama ntilie anarudi jioni na mauzo yake, anaomba hela ya matumizi, anajibiwa: "Si una hela zako?" Tangu hapo unga, ada na kodi ya nyumba ni juu yake, na faida ya kuongeza mtaji haipo tena. Akikataa, ugomvi. Siku ya kuvunja kikoba ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu mume anajua kiasi kitakachoingia.

Sheria ya Ndoa ya 1971 haikubaliani naye. Kifungu cha 63 kinamtaka mume ampe mkewe malazi, mavazi na chakula kadiri ya uwezo wake, na cha 66 kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Kwa hiyo anayefika dawati la jinsia polisi asiishie kueleza kipigo tu. Aseme pia nani anashika kadi ya benki, na mkopo ulichukuliwa kwa jina la nani.